Maji ya mvua Mugunga: tangi lijengwe au lisijengwe, na watoto wanywe nini?

Mama Neema (Mugunga, Goma) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo nimelitafakari tangu mvua ziliporudi mwezi wa Septemba.

Mwaka jana tulihama Katoyi tukanunua parseli (kiwanja) huku Mugunga, yenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Paa lake ni la manjanja, yaani mabati, urefu mita saba na upana mita sita. Tuko watu wanane, watano kati yetu ni watoto, na mdogo wao ametimiza miaka miwili. Maji tunayanunua kwa jirani mwenye bomba. Bomba hilo hutoa maji siku kadhaa kisha hunyamaza, maana maji ya mji huu yanavutwa kutoka Ziwa Kivu kwa pampu, na umeme ukikatika pampu husimama. Sisi tulio pembeni ndio wa kwanza kukauka. Siku hizo mabinti zangu wawili hushuka ziwani na kurudi kila mmoja na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na wakifika nyumbani saa ya kwenda shule imekwisha kupita.

Kwa hiyo nilitamani kutega mvua. Mvua ya kwanza ya Septemba nilitega beseni jeupe chini ya ukingo wa paa nikakaa mlangoni kutazama. Maji yaliyojaa yalikuwa ya kijivu, na yalipotulia palibaki chini tabaka la mchanga mweusi laini, mfano wa unga wa makaa. Niliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa na uchachu, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha ndimu. Tena nimeona kwamba vichwa vya misumari ya paa vimeliwa na kutu nyekundu, na manjanja yenyewe yametoboka karibu na misumari hiyo, ingawa mwenye nyumba wa zamani alituapia kwamba aliyaweka mapya miaka mitatu tu iliyopita.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni meno. Jirani yangu mmoja amekulia upande wa Rusayo, ambako walikunywa maji ya mvua miaka yote, na watoto wake wakubwa wana meno yenye mabaka ya hudhurungi yasiyotoka hata wakipiga mswaki mara tatu kwa siku. Yeye mwenyewe anasema ni maji. Wengine wananiambia ni uvivu wa kupiga mswaki, neno ambalo sikulipenda, kwa kuwa nawaona watoto hao kila asubuhi na ninajua wanavyotunzwa.

Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana fedha, inafika mwezi ujao. Je, fedha hizo nijengee tangi la maji ya mvua? Na tukilijenga, watoto wanywe maji hayo au wasiyanywe? Mama mkwe wangu anashauri tuchimbe shimo kubwa uani na kulisakafia kwa saruji, kwa sababu kwao kijijini walifanya hivyo na maji yalikaa baridi mwaka mzima.

Fundi wa Birere anajibu:

Mama Neema, salamu. Mimi ni mwashi, na matangi nimeyajenga kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia ukubwa na ujenzi. Habari ya meno nawaachia wenye elimu yake.

Anza na hesabu, maana watu wengi hujenga kwanza na kuhesabu baadaye. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa lako lina mita za mraba 42. Mvua nzuri ya alasiri yenye milimita 20 ingekuletea lita 840, lakini sehemu moja kati ya tano hivi hupotea kwa kuruka, kumwagika na kukauka juu ya bati, kwa hiyo weka lita 670, yaani bidoni thelathini na tatu. Goma hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Paa lako litakupa karibu lita 40,000. Watu wanane wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku wanahitaji zaidi ya lita 58,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba hata ukilikinga kila tone, mvua itakutosha kwa theluthi mbili tu ya mahitaji, na bomba au ziwa vitaendelea kuwepo katika maisha yenu. Nakwambia mapema ili usije ukamwaga fedha zote za likelemba ukitarajia kuaga bidoni kabisa.

Ugumu wenyewe uko katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ukitaka lita 60 tu kwa siku za kufulia na kuoshea vyombo katika siku 90 za kiangazi, lazima uingie kiangazi ukiwa na lita 5,400 zilizohifadhiwa. Tangi la ukubwa huo si jambo dogo. Ushauri wangu ni uanze na la lita 1,000, ambalo mvua mbili nzuri zinalijaza, ulitumie na kulijaza tena na tena katika miezi ya mvua. Tangi dogo linalojaa na kumwagwa mara thelathini kwa mwaka linakupa maji mengi kuliko tangi kubwa ambalo fedha zimeishia kwenye msingi wake. Ukipata nguvu tena, unaongeza la pili pembeni na kuyaunganisha kwa bomba chini.

Kabla ya tangi, mfereji wa paa. Hapo ndipo nimeona maji mengi yakipotea, kwa sababu mtu hununua tangi zuri kisha anakunja kipande cha bati kuukuu na kukifunga kwa waya chini ya paa, kikilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Chukua bomba la plastiki la milimita 110 na ulipasue katikati kwa msumeno kwa urefu wake; nusu hiyo inatosha kabisa kwa paa la mita za mraba 42. Lifungie mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na vishikizo visiwe mbali zaidi ya mita moja, maana mvua zetu huja kwa kishindo. Paa lako likiwa na miteremko miwili, utahitaji mifereji miwili inayokutana kwenye kona moja. Na kwa kuwa umesema bati linaliwa, plastiki itadumu kuliko bati.

Kisha maji ya kwanza yamwagwe. Yale maji ya kijivu uliyoyaona kwenye beseni yasiingie kamwe kwenye tangi. Milimita ya kwanza ya mvua juu ya paa lako ni lita 42, yaani bidoni mbili. Wengine husimamisha bomba la plastiki ukutani ili lipokee maji hayo, lakini bomba la milimita 110 linabeba chini ya lita kumi kwa kila mita, kwa hiyo ungehitaji zaidi ya mita nne, na ukuta wako haufiki huko. Weka pipa la lita 60 kabla ya tangi: maji ya paa yaingie humo kwanza, na pipa likijaa yafurike kuelekea kwenye tangi kupitia bomba lililo juu. Chini ya pipa toboa tundu dogo linalotosha kupitisha ncha ya kalamu, maji yachuruzike polepole, ili mvua ya kesho ilikute tupu. Mvua inaweza kunyesha saa nane usiku na hakuna mtu anayehitaji kuamka.

Kuhusu aina ya tangi: la plastiki ni jepesi na linawekwa siku moja, lakini lipate kivuli na jukwaa imara, kwa kuwa lita 1,000 ni uzito wa tani moja na mawe yetu ya lava yana ncha kali zinazolitoboa kwa chini. Sawazisha kwa kokoto, kisha mchanga, kisha zege jembamba. La saruji na wavu wa kuku, lenye kuta za sentimita nne hivi, ni la bei nafuu kwa matangi makubwa na linavumilia mitetemeko kuliko la matofali, jambo ambalo tulijifunza Mei 2021, wakati ardhi ilipotikisika siku nyingi baada ya volkano kulipuka. Changanya saruji moja kwa mchanga tatu, na lifunikwe na kumwagiwa maji kila siku kwa siku saba zisizopungua. Niliitwa kukarabati tangi la parokia moja lililopasuka kabla halijajazwa mara ya kwanza. Walikuwa wameliacha likauke juani kwa siku mbili, basi.

Bomba la kutolea maji liwe sentimita kumi juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Kifuniko kifungwe kwa kufuli, kwa ajili ya watoto, na kila tundu liwekwe wavu wa mbu.

Mwalimu wa kemia (Himbi) anajibu:

Mama Neema, ulimi wako haukukudanganya, na jirani yako pia hajadanganyika. Naomba univumilie nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeona katika mji wetu watu wenye nia njema wakieneza ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi zisizo na volkano.

Mvua ya kawaida mahali popote duniani ina uchachu kidogo, kwa kuwa inayeyusha hewa ya ukaa iliyo angani. Kipimo chake cha uchachu, kiitwacho pH, huwa karibu 5.6. Lakini sisi tunaishi chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, na nyuma yake yupo mwenzake Nyamulagira. Moshi wao hubeba gesi za salfa, za klorini na za florini. Matone ya mvua yakipita ndani ya moshi huo huzibeba gesi hizo na kuzishusha juu ya paa zikiwa asidi. Hiyo ndiyo iliyokula misumari yako. Bati limepakwa zinki ili lisipate kutu; asidi huiyeyusha zinki kwanza, na zinki ikiisha chuma hubaki uchi. Kwa hiyo sehemu ya kile unachokionja ni bati lako mwenyewe likishuka ndani ya beseni.

Pepo zinazotawala katika eneo letu huvuma kutoka mashariki, na kwa hiyo moshi huelekea zaidi magharibi: Rusayo, Sake na vijiji vya Masisi vilivyo karibu. Birere na Himbi huupata siku upepo unapogeuka. Mugunga iko upande ambao moshi hupenda kwenda. Kwa miaka mingi kati ya 2002 na Mei 2021, wakati ziwa la lava lilipokuwa likichemka ndani ya kreta, yaani shimo la kilele, tulikuwa tukiona usiku mwanga mwekundu juu ya mlima, na mara nyingine asubuhi tulikuta juu ya paa nyuzi nyembamba za kioo kama nywele, ambazo ni lava iliyovutwa na upepo. Niliwahi kuziokota kwenye mfereji wa paa la shule na kuwaonyesha wanafunzi. Zilikuwa zinachoma vidole kama upupu.

Sasa nije kwenye meno. Kitu kinachoharibu meno ya watoto wa jirani yako ni floridi. Kwa kiasi kidogo floridi huyaimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Ikizidi, huharibu gamba la jino wakati jino lenyewe linaundwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Meno ya kudumu yanaundwa kabla ya mtoto kutimiza miaka minane hivi, na baada ya hapo madhara hayo ya rangi hayatokei tena, lakini pia yaliyokwisha kutokea hayafutiki. Mabaka ya hudhurungi unayoyaona kwa kijana wa miaka kumi na mitano yalianza alipokuwa na umri wa mtoto wako mdogo. Kwa hiyo yeyote anayewaambia watoto hao kwamba ni wavivu wa mswaki anawaonea, na mimi nawaomba walimu wenzangu waache kusema hivyo mbele ya darasa. Maji yenye floridi nyingi zaidi, yakinywewa miaka mingi, hufika hata kwenye mifupa na viungo.

Jambo ambalo kila mama lazima alijue ni hili: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakichemka, mvuke hutoka na floridi hubaki, kwa hiyo maji yaliyopungua sufuriani yana floridi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko yalivyokuwa. Klorini haiiondoi. Kitambaa na chungu cha kuchujia pia haviiondoi. Tena floridi haina rangi, harufu wala ladha katika viwango hivi. Ule uchachu ni asidi, na siku maji yasipokuwa na uchachu bado huwezi kusema kwamba floridi haimo. Tangi la saruji litapunguza ukali wa asidi, kwa sababu ya chokaa iliyo katika saruji, na maji yataonekana matamu, lakini usilichukulie kuwa ni dawa ya floridi.

Kinachoondoa floridi kweli ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika tanuri kwa joto linalodhibitiwa vizuri, ikasagwa na kupangwa katika ndoo ya kuchujia. Wenzetu wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa wameufanyia kazi miaka mingi, kwa mfano katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, Tanzania, na huko Nakuru, Kenya, chini ya jimbo la Kanisa Katoliki. Si kazi ya kujaribu jikoni, kwa maana mifupa isiyochomwa sawasawa hutia maji harufu mbaya, na mkaa huo huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe.

Njia iliyo karibu nawe zaidi ni kuchanganya. Tuseme, kwa mfano tu, maji yako ya mvua yamepimwa na kukutwa na miligramu 3 kwa lita, na maji mengine unayopata yana 0.5. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata 1.75, ambayo bado imezidi kikomo. Bidoni moja ya mvua kwa bidoni mbili za yale mengine inakupa 1.33, na hapo umeshuka chini ya kikomo. Lakini hesabu hiyo haina maana bila kipimo. Kabla ya kutoa fedha za likelemba, kinga mvua mara mbili: chupa moja kutoka mvua nyepesi ya manyunyu wakati moshi umeelekea kwenu, na nyingine kutoka mvua nzito baada ya nusu saa ya kunyesha. Tumia chupa za plastiki zilizosuuzwa kwa maji hayohayo, usitumie za kioo, andika tarehe na saa, uzipeleke kwenye maabara inayopima maji. Mara nyingi utakuta ya manyunyu ni kali zaidi, kwa sababu matone machache yamebeba gesi nyingi. Tena usipime mwaka huu ukasahau milele. Mlima hubadilika, na maji hubadilika pamoja nao.

Muuguzi wa Keshero anajibu:

Nakubaliana na mwalimu kwa yote, ila naomba tusiiogope floridi tukasahau kinachoua kwa siku moja. Kipindupindu bado kinaturudia katika miji hii ya kando ya ziwa, na mara nyingi kinakuja wiki zile bomba zinapokauka na watu wengi wanapokwenda kuchota ufukweni. Baada ya volkano ya 2021 mabomba ya kaskazini ya mji yaliharibika na tukaona foleni za bidoni tangu alfajiri. Binti asiyeshuka ziwani kwa sababu kuna lita 600 za mvua uani amepunguziwa hatari kubwa, hata kama maji hayo ni ya kunawia mikono na kufulia tu. Na ya kufulia ni bora: maji ya mvua hayana chokaa, sabuni hutoa povu upesi, kipande kinadumu.

Mtoto wako wa miaka miwili asinywe maji ya mvua mpaka yapimwe, wala asipikiwe uji kwa maji hayo, kwa kuwa uji unachemka muda mrefu. Kwa watano wote ningefanya vivyo hivyo, nikianza na wale walio chini ya miaka minane. Chai kali wasizoeshwe mapema, maana majani ya chai yenyewe yana floridi. Maji yao yatoke kwenye bomba au kwa wale wanaotia klorini kwa bomba la sindano pale ufukweni. Ukiyatibu mwenyewe nyumbani, maji yawe meupe kwanza: dawa ya klorini ya asilimia tano isiyo na manukato, matone mawili kwa lita, yaani mililita mbili kwa bidoni ya lita ishirini, kisha ufunge na kungoja nusu saa. Utie kwenye bidoni, usitie kwenye tangi zima, kwa sababu mvua ya jioni itaingia na hutajua tena kiasi kilichobaki.

Na juu ya paa hupita ndege, mijusi na panya. Hata mtu mzima asiyejali meno yake asiyanywe maji hayo bila kuyatibu.

Yaya wa Kadutu (Bukavu) anajibu:

Sisi huku tuko kusini kabisa mwa ziwa, moshi wa mlima wenu si tatizo letu la kwanza. Tatizo letu ni udongo. Naongeza neno moja ambalo fundi hakuligusa: maji yanayofurika. Tangi la lita 1,000 likijaa saa moja baada ya mvua kuanza, yale yanayoendelea kushuka yanakwenda wapi? Kwenye miteremko yetu watu waliyaelekeza nyuma ya nyumba, yakalowesha ukingo wa udongo, na ukingo ukashuka juu ya nyumba ya jirani wa chini. Mugunga ni mawe na maji hupotea kwenye nyufa, najua, lakini hata hivyo yasimwagike chini ya jukwaa la tangi wala kwenye choo chako. Tia bomba la kufurikia lenye unene sawa na la kuingizia, liende mbali.

Mama Neema anaandika tena:

Mungu awabariki. Nimesoma majibu yenu kwa sauti, mume wangu akisikiliza, na tulipofika kwenye habari ya uji tulinyamaza kidogo, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya tangu Septemba. Tumeacha leo.

Lakini hakuna aliyegusa shimo la mama mkwe. Amekwisha kumwita kijana wa kuchimba, na mimi sitaki kumpinga mama bila sababu.

Mwalimu wa kemia (Himbi) anajibu:

Mama Neema, samahani sana, hilo nilipaswa kulitanguliza. Mzuie kijana huyo leo, kabla hajashusha sururu.

Wewe unaishi Mugunga, na bila shaka umesikia habari za mazuku. Hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava, hasa upande wenu, kando ya ziwa kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutiririka kama maji na kujaa kila penye bonde au shimo, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Ndiyo maana asubuhi hukutwa mbuzi amekufa kwenye kishimo ambacho jana alasiri watoto walicheza humo salama. Shimo la mita tatu uani ni bakuli mliloiandalia gesi hiyo. Anaweza kuanguka mchimbaji mwenyewe, au mtu atakayeshuka kulisafisha baada ya mwaka, na mara nyingi anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Mshumaa wa kupimia hewa ya shimoni usiutegemee.

Mwambie mama kwa heshima kwamba kijijini kwake ardhi ni udongo, na hapa ni lava. Akitaka maji ya baridi, tangi liwekwe upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana.

Fundi wa Birere anajibu:

Naunga mkono. Huku kwenu sichimbi zaidi ya kina cha msingi, na hata tangi la juu silisafishi kwa ndani bila mtu wa pili kusimama nje ameshika kamba.

Mama Neema anaandika tena:

Kijana amerudishwa, na mama amekubali baada ya mume wangu kumkumbusha mbuzi wa jirani aliyekufa mwezi wa Julai. Tumeamua hivi: Jumamosi tunafunga mfereji wa plastiki na pipa la lita 60, kwa fedha tuliyo nayo. Chupa mbili za plastiki nimekwisha kuzisuuza, ziko dirishani pamoja na kalamu. Leo moshi umelala upande wetu na mawingu yanashuka, kwa hiyo huenda ya kwanza nikaikinga kabla ya usiku. Majibu ya maabara yakitoka nitayaandika hapahapa, namba kwa namba, ili walio Mugunga na Rusayo wayasome. Tangi la lita 1,000 litangoja likelemba, nalo litakuwa la kufulia na kuogea mpaka namba hizo ziseme vingine.

Fundi, naomba unieleze: mbao za nyumba yangu zimeanza kulegea upande wa magharibi, vishikizo vya mfereji nivipigilie kwenye mbao hizo au nisimamishe nguzo zake peke yake?

Fundi wa Birere anajibu:

Simamisha nguzo za mikaratusi, mama, umbali wa mita moja moja, na uzipakae oili chafu sehemu ya chini. Mbao zilizolegea zitakuangushia mfereji mvua ya pili.